Kifungua mimba wangu alikuwa amenyamaza

Kwa miaka mingi nyumba yetu hapa Umoja, Nairobi, imekwenda kwa kumfuata kitinda mimba wangu, mvulana wa miaka 8 mwenye usonji. Chai yake hutiwa katika kikombe kile kile cha buluu, mlango wa bafu hufungwa kabla hajala, na jirani akipandisha sauti ya redio yeye huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani mpaka mtu amkumbatie kwa nguvu. Hospitali tuliyompeleka kwanza ilituambia kwamba wavulana huchelewa kuongea, tukangoja, na kungoja huko kulitugharimu karibu miaka miwili. Aliyetuamsha ni mwalimu wa chekechea, ambaye alituelekeza katika kituo cha tathmini ya elimu, mojawapo ya vile ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 1984 ili mtoto apimwe anavyosikia, anavyoongea na anavyojifunza kabla ya kutafutiwa shule inayomfaa. Mzazi mwenye shaka asingoje kama tulivyongoja sisi.

Hata hivyo, leo nataka kuandika juu ya dada yake.

Ana miaka 15. Ndiye aliyejua kabla yetu sote kwamba ndugu yake hulia anapochomwa na lebo ya shati wala si kwa ukaidi, na ndiye aliyemchorea kadi za picha za maji, choo na chakula, ambazo anazitumia mpaka sasa. Tukipanda matatu, yeye ndiye aliyemwomba makanga apunguze muziki. Wageni walimsifu mbele yangu wakisema nimejaliwa mama mdogo nyumbani, nami nilizipokea sifa hizo kwa furaha, bila kutambua kwamba nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa wasaidizi na kumwondoa miongoni mwa watoto.

Muhula wa pili mwaka jana alianza kulalamika tumbo. Tulikwenda zahanati mara mbili, tukapewa dawa, tumbo halikupoa. Aliacha kwaya, akawa analala mchana kutwa siku za Jumamosi na usiku anakesha, na chakula alichokipenda alikirudisha jikoni kama kilivyopakuliwa. Mimi nikasema ni ujana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Laiti ningalilijua hilo mapema, nisingalitumia neno ujana kujifariji.

Mwalimu mshauri wa shule yake ndiye aliyeniita na kunishauri nimuulize mwanangu waziwazi kama anawaza kujiua. Niliogopa kwamba nikilitamka nitampandikizia wazo hilo, lakini mwalimu alinieleza, na daktari akalithibitisha baadaye, kwamba kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo, bali humfungulia mlango wa kusema. Nilimuuliza usiku, tukiwa tunakunja nguo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akajibu ndiyo, mara nyingine.

Kesho yake tulikuwa katika kliniki ya vijana kwenye hospitali ya umma. Namshukuru Mungu kwamba nilikwenda bila hofu ya polisi, ingawa mwaka huo huo, mwezi Januari 2025, ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Ni familia ngapi zilizowahi kuficha watoto wao kwa sababu ya kifungu hicho? Daktari alisema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, akampangia vikao vya ushauri kila wiki, na nyumbani akatuagiza tuziondoe dawa zote mahali anapoweza kuzifikia.

Katika kikao kimoja binti yangu alisema hamchukii ndugu yake hata kidogo, ila kila anayeingia nyumbani humuuliza yeye habari za ndugu yake tu. Sentensi hiyo bado inaniuma.

Siku hizi wifi yangu hukaa na mvulana kila Jumatano jioni, nasi wawili tunatembea mpaka soko la Mutindwa kuangalia viatu vya mitumba. Wakati mwingine hasemi neno njia nzima, nami nimejifunza kutomhimiza. Kwaya hajarudi. Vikao vinaendelea, na kadi za picha sasa ninachora mimi.