Sinema ya mzee asiyesikia

Wenzangu Marekani walibeba maboksi, mimi nililea mzee. Ilikuwa 2007, mjini Rochester, jimbo la New York. Mzee wangu alikuwa mstaafu wa Kodak, kampuni ya kamera na filamu, masikio yamekufa kabisa. Tuliongea kwa daftari: mimi naandika kwa herufi kubwakubwa, yeye anajibu kwa mdomo, kisha anachukua kalamu nyekundu ananisahihisha Kiingereza. Nikajiona nimerudi darasa la nne.

Jumamosi moja ya Februari akaniambia nivae vizuri, tunakwenda sinema. Nikaandika: UTASIKIAJE? Akacheka mpaka akapaliwa. "Leo hakuna wa kusikia."

Saa zangu za kazi zilikuwa zimeshakwisha, lakini ningemwachaje? Nikasukuma kiti cha magurudumu kwenye theluji mpaka ukumbi wa Dryden, kwenye jumba la makumbusho la George Eastman, mwenye Kodak yake. Filamu ilikuwa bubu, ya 1929, ya muongozaji G. W. Pabst. Kwa Kiswahili ungeiita Boksi la Pandora. Nikajichekea: hata mimi hatimaye nimepata boksi langu.

Niliingia na dharau. Halafu akatokea yule binti, Louise Brooks, anaigiza Lulu, nywele nyeusi zimekatwa usawa wa masikio na kushuka kwenye paji la uso kama kofia. Mzee mmoja mlevi anampigia kinanda cha mdomo, naye anacheza hapo hapo sebuleni. Baadaye, nyuma ya jukwaa, anagoma kucheza mbele ya mchumba wa bwana wake. Anajitupa kifudifudi, miguu inapiga hewa. Nani anitafsirie hapo? Kususa nakujua. Utotoni, pale Avalon Dar, tulitazama sinema za Kihindi bila kujua neno hata moja, na tukatoka tunalia.

Mzee akaanza kuninong'oneza, ila kiziwi hanong'oni. Safu nzima ikageuka. Kwamba Louise ni mtoto wa Kansas, mcheza dansi kabla ya kuwa mwigizaji, na 1922, akiwa na miaka 15, alijiunga na kundi la dansi la Denishawn. Kwamba 1928 Paramount, studio yake ya Hollywood, walimnyima nyongeza ya mshahara, akaondoka zake kwenda Berlin kupiga filamu hii. Walipomwita arudi kutia sauti kwenye filamu aliyokwisha kuigiza, akakataa. Hollywood ikamfungia mlango, na miaka ya 1940 alikuwa muuzaji wa dukani New York. Mwaka 1956 James Card, mtunza filamu wa jumba hili hili, akamshawishi ahamie Rochester, akaishi hapa mpaka alipofariki 1985.

"Miaka yote hiyo natengeneza mikanda ya filamu," mzee akasema, "naye yuko hapa hapa mjini. Sikumjua." Akairudia mara mbili.

Mbele kulikuwa na mtu anapiga piano kufuata picha. Mzee akaona vidole vinavyokimbia, akanishika mkono: "Anapiga nini?" Daftari halisomeki gizani. Nikaanza kumgongea mapigo kiganjani.

Mwanzo nilifuata piano kwa uaminifu. Lakini mimi ni mtoto wa Temeke. Nikiwa na miaka sita niliwahi kufuata ngoma ya mdundiko mpaka nikapotelea Mtoni, nikarudishwa usiku na kuchapwa. Vidole vina mambo yao. Lulu alipovaa shela na kucheza na mwanamke mwenzake siku ya harusi, piano ilikwenda polepole, mimi nikashtuka nimeshafika kwenye mdundiko kitambo. Kumtazama mzee, bega la kushoto linatikisika, tena kwenye pigo kabisa. Sikuthubutu kuacha.

Nje, nikimfunga skafu, akaniambia hakuwahi kujua kwamba Wajerumani wana ngoma nzuri namna ile. Nikatoa daftari nimwandikie ukweli. Theluji ikaanza kulowesha ukurasa, nikalirudisha mfukoni.