Jumapili Yangu Mnadani: Siku Moja ya Mnunuzi wa Vigari vya Zamani

Saa kumi alfajiri

Kazi yangu ni kununua magari madogo ya kuchezea, yale ya chuma ya zamani, kwa niaba ya wakusanyaji ambao hawana muda au hawana moyo wa kushindana mnadani. Jumapili ndiyo siku nzito kuliko zote, na inaanza kabla ya jogoo kwa sababu Marekani bado ni Jumamosi jioni. Watu wametulia nyumbani, simu mkononi. Muuzaji anayeijua kazi yake hupanga mnada ufungwe saa hiyo hiyo.

Leo nafuatilia fungu la Hot Wheels za mwanzo, zile zenye mstari mwekundu kwenye tairi. Mattel ilianza kuzitoa 1968, na mstari huo uliendelea hadi 1977. Zinazogombaniwa zaidi ni za miaka ya kwanza, kwa sababu ya rangi: inapitisha mwanga na imepakwa juu ya chuma kilichong'arishwa, hivyo gari huonekana kama linawaka kutoka ndani. Mtu akilipaka upya nyumbani, rangi huelekea kujaa kwenye mifereji ya milango na mwanga haurudi vizuri. Kwa hiyo sianzi kutazama juu, naanza chini. Kuna pini zinazoshikilia chasisi na bodi. Zikiwa zimetobolewa kwa drili, gari limeshafunguliwa, na mtu halifungui bila sababu. Mwaka ulioandikwa pale chini usikushughulishe sana. Ni mwaka wa hakimiliki, si wa kutengenezwa, na gari lililotoka kiwandani juzi linaweza kubeba mwaka wa miongo iliyopita.

Dau lenyewe niliweka kwenye programu jana. Wateja wangu wapya hawaelewi mpaka niwaoneshe kwa mfano, kwa hiyo nauweka hapa pia. Kwenye eBay unaandika kiwango cha juu kabisa ulicho tayari kulipa, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo pale tu mwenzako anapopanda. Tuseme wewe umeandika dola 120 na anayekufuata ameandika 85. Hulipi 120. Katika kiwango hicho cha bei eBay ya Marekani hupanda kwa dola moja, kwa hiyo unalipa 86. Bei yako imepangwa na aliyeshindwa. Mchumi William Vickrey alichambua minada ya namna hii, ambapo mshindi hulipa dau la wa pili, katika makala ya 1961. Alionyesha kwamba katika mnada wa aina hiyo huna haja ya kukisia mawazo ya wengine: andika thamani ambayo kitu kina kwako, basi. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Tatizo ni kwamba binadamu akipitwa kwa dola moja hupandwa na damu, akaongeza. Ndiyo maana natumia programu inayotupa dau sekunde chache kabla ya kufungwa. Wengi hudhani ni ujanja wa kujificha. Kwangu faida yake kubwa ni kwamba inawanyima wengine nafasi ya kukasirika, na inaninyima mimi pia.

Fungu limeangukia kwetu, chini sana ya kiwango nilichoandika.

Saa moja asubuhi

Ujumbe wa mteja: "Kaka, limepatikana?"

"Limepatikana. Na pesa imebaki."

"Si ulisema litapita bei?"

"Lingepita kama wangekuwa wawili wanaolitaka kweli. Alikuwa mmoja."

Amenijibu kwa alama za kucheka, kisha akauliza kama pesa iliyobaki inaweza kutafutiwa kitu kingine. Wakusanyaji wote ni hivyo.

Saa tatu asubuhi

Huu ndio muda ninaoupenda na ndio unaonilisha. Hakuna mnada unaofungwa, ni kutafuta tu. Nina utafutaji niliouhifadhi kwa majina sahihi, lakini pia ninao wa majina yaliyokosewa: "Machbox", "Dinkie", "Hotwheel" bila herufi ya mwisho, "gari kuukuu la bati". Anayeuza vitu vya marehemu mjomba wake hajui Lesney, kampuni iliyotengeneza Matchbox, ni nini. Anapiga picha moja ya sanduku lililojaa, mwanga wa njano, na anaandika "magari ya mtoto". Mnada wa namna hiyo wengi hawauoni kabisa, na wanaouona hawana subira ya kuikuza picha.

Mimi naikuza. Natafuta maandishi ya chini, aina ya tairi, umbo la dirisha. Matchbox za mfululizo wa 1-75, ulioanza 1953, zilikuwa na tairi za kawaida mpaka karibu 1969, ndipo Lesney ikahamia magurudumu membamba ya kasi ya Superfast ili kupambana na Hot Wheels. Gari lile lile, namba ile ile, likiwa na tairi tofauti, ni bei tofauti kabisa. Yapo yaliyotoka katika kipindi cha kuhama, na hayo ndiyo watu wanayapigania.

Nakutana na Dinky tatu za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilitengenezwa na Meccano, Liverpool. Bei ya kuanzia ni ya kuvutia mno, nami nikiona bei ya kuvutia natafuta ugonjwa. Kwenye picha ya pili paa la moja limeinuka kidogo katikati, na rangi imepasuka kwa mistari myembamba isiyofuata umbo la gari. Hiyo si mikwaruzo ya mtoto. Aloi ya zinki ya enzi hizo ikichafuliwa na madini ya risasi, hata kidogo tu, huliwa kutoka ndani: huvimba, hupinda, hupasuka, mwishowe humeguka mkononi. Haina dawa. Unaweza kupunguza kasi yake kwa kuliweka gari mahali pakavu pasipo na joto, lakini huwezi kuirudisha. Muuzaji ameandika "rangi ya asili, ina umri wake". Hajadanganya neno hata moja.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo, katika kile ambacho tangazo halisemi. "Boksi zuri sana" si sawa na "boksi la asili". "Tairi nzuri" inanifanya niulize kama ni zilizokuja nalo. Picha nane za mbele bila moja ya chini ni jibu tayari. Nawaandikia wauzaji wanne, wote swali moja: naomba picha ya chini, kwenye mwanga wa mchana. Anayetuma ndani ya saa moja naendelea naye. Anayejibu "gari liko sawa, usiwe na wasiwasi", namuaga kwa heshima.

Saa sita mchana

Nafungua kifurushi kilichofika jana. Kamera inarekodi tangu lebo ikiwa haijaguswa, bila kukata, mpaka gari linapokuwa mezani. Safari hii video imefaa. Tangazo lilisema kila kitu ni cha asili, lakini tairi ni mpya kabisa, laini, nyeusi tii, za kampuni yoyote inayotengeneza vipuri vya kuigiza. Sina ugomvi na vipuri vya kuigiza, ninavyo droo nzima. Ugomvi wangu ni kutosemwa. Nimefungua dai, nimeambatanisha video na picha ya tangazo, nimeendelea na kazi.

Saa tisa na nusu alasiri

Japani sasa ni saa tatu na nusu usiku, Jumapili. Yahoo! Auctions ya huko ni dunia nyingine, na aliyezoea eBay hujikwaa mlangoni. Kwanza, kwa kawaida mtu wa nje hununua kupitia wakala kama Buyee au ZenMarket: wakala ndiye anayeweka dau, anapokea mzigo kwenye ghala lake, kisha anakutumia. Kuna ada yake, kuna posta ya ndani, kuna posta ya nje. Pili, ile mbinu ya sekunde za mwisho mara nyingi haifanyi kazi. Muuzaji akiwasha nyongeza ya muda, dau lolote linaloingia katika dakika tano za mwisho linausogeza mwisho kwa dakika tano nyingine. Kisha tano nyingine. Nimeona minada ikivutana hivyo mpaka nusu ya washindani wakaenda kulala.

Leo nataka Tomica za mwanzo. Tomy ilizianzisha 1970 kwa magari sita, yote ya Kijapani, yakiwemo Toyota 2000GT na Fairlady Z. Kabla yake mtoto wa Kijapani aliyetaka gari dogo la chuma alikuwa akipewa zaidi magari ya kigeni, asiyoyaona barabarani. Nadhani ndiyo sababu Wajapani wenyewe bado wanazigombania kwa nguvu kiasi hiki, na mimi wa mbali nabaki kupata zile zenye kasoro.

Kasoro zenyewe huwa zimeelezwa kwa uaminifu unaotisha. Muuzaji wa Kijapani anaweza kupiga picha ya mkwaruzo ambao sikuuona hata baada ya kuoneshwa. Kuna hata kundi zima la vitu vinavyouzwa kama vilivyo, bila madai wala kurudishwa, na hapo ndipo natafuta miili ya magari kwa ajili ya mafundi. Vitu vibovu vina soko lake tangu mwanzo wa mambo haya. Pierre Omidyar alipoanzisha tovuti iliyokuja kuwa eBay mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza kilichoharibika, kwa dola 14.83. Alipomwandikia mnunuzi kuhakikisha anajua kuwa hakifanyi kazi, akajibiwa kwamba anakusanya vilivyoharibika.

Muda umeongezwa mara mbili, mara tatu. Mshindani ni mmoja, anapanda polepole, kila mara dakika ya mwisho. Namba yangu iko daftarini na siigusi. Alipoikaribia nikajua nimepoteza. Kumbe alikuwa amefika mwisho wake hatua moja chini yangu. Yamekuja.

Saa kumi na mbili jioni

Hesabu, sehemu isiyo na raha. Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi uzito peke yake. Zinapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5,000, na kama jibu ni kubwa kuliko kilo halisi, unalipia jibu. Vigari ni vizito na vidogo, kwa hiyo hunihurumia. Mteja wangu wa wanasesere waliomo kwenye maboksi yao makubwa hulipia hewa.

Halafu forodha. Watu wanaamini kitu cha zamani hupata nafuu. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, antiki ni kitu kilichozidi miaka 100, chini ya namba 9706. Gari la 1965 haliko huko. Ni kichezeo kama kilichotoka dukani leo asubuhi, chini ya 9503. Muuzaji mmoja amejitolea kuandika "zawadi" na thamani ndogo. Nimekataa. Ni udanganyifu, na zaidi ya hapo kifurushi kikipotea bima italipa hiyo thamani ndogo.

Saa nne usiku

Uingereza sasa, kilele cha Jumapili. Wanamnada wengi wa vigari wa huko hufungia saa mbili au saa tatu zao za usiku.

Mteja mmoja, mzee mwenye subira, anataka Corgi namba 261, Aston Martin ya James Bond ya 1965. Ni ya dhahabu, ingawa ya kwenye sinema ilikuwa ya fedha. Paa linafunguka, kiti kinamrusha abiria, bunduki zinatoka mbele, ngao inainuka nyuma. Likiwa peke yake si adimu, maana yaliuzwa mengi mno. Kinachogharimu ni kilichomo kwenye boksi: bahasha ya maelekezo ya siri, beji ya 007 ya kubandika, na jambazi wa akiba kwa ajili ya yule atakayepotea, kwa sababu watoto waliwapoteza karibu wote. Vyote hivyo leo vinachapishwa na kutengenezwa upya, na vizuri. La leo lina gari zuri, boksi "zuri sana", bahasha. Katoni kwa ndani ni nyeupe mno kwa umri wake, kingo kali kama karatasi iliyokatwa jana. Nilimwambia mzee: tutatoa dau la gari, si la boksi.

"Wewe ndiye macho yangu," aliniandikia. "Likipita, lipite."

Limepita, na kwa mbali. Wawili waliamini boksi.

Dakika sita baadaye likafungwa fungu la Lesney za tairi za kawaida kutoka kwa muuzaji mwingine, yule aliyenitumia picha ya chini ndani ya nusu saa. Maboksi yamechakaa, moja limeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya risasi, na kwa hilo wengi wamekimbia. Nimelipata kwa bei ya kuanzia. Nimelipa hapo hapo, kisha nikamwandikia ninachomwandikia kila mmoja: tafadhali usibandike utepe kwenye maboksi ya asili, gari na boksi lake kila kimoja kifungwe peke yake, karatasi laini kwanza ndipo plastiki ya mapovu, na usilifute jina la kalamu. Amejibu kwamba jina hilo ni la kaka yake, na kwamba kesho atakuwa posta saa tatu.