Siku moja na funguo za Kanisa Kuu la Mkunazini

Nikisema nafanya kazi Kanisa Kuu la Anglikana hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu huuliza kama natembeza wageni. Hapana. Mimi ni mhudumu wa kanisa. Nafungua, nafagia, nawasha mishumaa, nafua vitambaa vya altare, nafunga. Wageni wote wanajua kwamba hapa palikuwa soko la watumwa. Wachache wanajua kwamba kanisa hili lina wenyewe, wanaobatizwa humu, wanaooana humu na kuagwa humu. Nawasimulieni Jumanne iliyopita.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaingia kwa mlango wa ubavuni, azana ya msikiti wa jirani haijamaliza muda mrefu. Kazi ya kwanza ni altare. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chumvi ya bahari inazila siku zote, kwa hiyo kila usiku zinamwaga unga mweupe. Pitisha kidole juu ya kitambaa cha altare kabla sijakigusa, utaona mstari. Unga ule haufutwi kwa tambara bichi, utaganda. Unakikunja kitambaa pembe nne, unatoka nacho nje taratibu kama umebeba mtoto, unakung'uta, halafu unapitisha brashi laini.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni. Kwa mapokeo, hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kupigwa viboko. Hapo sipelekei ufagio wa chelewa. Napiga magoti, nafuta kwa mkono. Bibi yake bibi yangu aliletwa Unguja akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na misheni kule Mbweni. Jina alilopewa na mama yake halikutufikia, tumebaki na la ubatizo. Kila nikifuta pale namtaja kwa hilo.

Saa kumi na mbili na nusu, Misa, watu tisa. Saa mbili, chai na chapati. Saa tatu wageni wakaanza kuingia.

Asubuhi yote ni kufagia nyuma ya miguu yao, na kusikia maneno yale yale. Wakifika kwenye nguzo za nyuma, watembezaji huwachekesha watu: mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini. Wageni hucheka. Mimi hutamani wainue macho. Mafundi hao hao walimjengea Askofu Edward Steere dari lile la upinde kama nusu pipa, la zege lililochanganywa na mawe ya matumbawe, bila boriti hata moja, na watu wa mjini wakaapa kwamba litaporomoka. Soko lilifungwa tarehe 6 Juni 1873 kwa amri ya Sultani Barghash. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa, na Krismasi ya 1877 watu wakasali humu. Steere alifariki 1882, kaburi lake liko nyuma ya altare. Dari halijaporomoka.

Saa nne Padre akapiga simu. Bibi mmoja wa kwaya yetu, aliyekuwa akiuguzwa nyumbani, amefariki usiku. Ibada ya maziko saa tisa.

Basi siku ikageuka. Kupanga mabenchi upya ili jeneza lipate njia. Kusugua vinara. Kutoa chetezo kabatini, kukitoa majivu ya Jumapili, kuangalia minyororo yake isiwe imejisokota. Kuchagua ubani, kwa sababu yule bibi alikuwa hapendi ule wa mawe makubwa, akisema unamkaba koo wakati wa kuimba, nami nikaona siku hii nimtendee kama apendavyo. Saa saba umeme ukakatika. Feni zikasimama, joto la Januari likaketi juu yetu. Nikabandika kikaratasi mlangoni, Kiswahili na Kiingereza: kuna maziko, ndani hapaingiwi hadi yaishe.

Saa tisa kasorobo jeneza likawa linashushwa kwenye gari, na kundi la wageni kama kumi na watano likafika nalo mlangoni. Kijana aliyewaongoza akanijia.

"Shikamoo mama. Wageni wangu wana tiketi."

"Marahaba mwanangu. Ndani kuna maziko. Wapeleke kwenye sanamu kwanza, mrudi baadaye."

"Baadaye hawana, mama. Boti yao inaondoka saa kumi. Dakika tano tu, hawatapiga kelele."

"Mwanangu, maiti yuko mgongoni kwako."

Akageuka, akaona, akasogea. Lakini hakukoma. Wageni wamelipa, wametoka mbali, yeye ndiye atakayelaumiwa. Nilimwonea huruma, nasema kweli, maana riziki yake iko kwenye maneno ya watu wale. Lakini nilikuwa nimesimama jua la saa tisa, jeneza linapita, akina mama wa kwaya wameanza kuimba na sauti zinawakatika, na yeye ananihesabia dakika sikioni. Mara bwana mmoja kati yao akapita ubavuni mwangu na kamera imeinuliwa. Nikanyoosha mkono mlangoni, nikamwambia kwa Kiingereza changu: No, sir. Akasema amelipa. Nikamjibu kijana kwa Kiswahili ili amfasirie: "Mwambie huyu bibi ameimba humu miaka hamsini. Leo kanisa ni lake."

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akafasiri. Wengi wakarudi nyuma. Mama mmoja mtu mzima akavua kofia, akauliza kwa ishara kama anaweza kukaa benchi la mwisho. Nikampisha.

Nilidhani yameisha. Nikasikia vicheko nje. Wawili wao walikuwa wameteremka shimoni, kwenye ukumbusho ule aliouchonga Clara Sörnäs, sanamu za watu watano waliofungwa shingoni kwa mnyororo wa kweli, na mmoja ameushika mnyororo na kuuweka shingoni kwake, mwenzake anapiga picha. Ibada ilikuwa imeanza. Sikupiga kelele. Nilikwenda nikasimama ukingoni, na gauni langu la kanisani, nikawatazama mpaka wakaniona. Walipanda wenyewe. Kijana akaja kuniomba radhi, "Nisamehe mama." Nikamwambia siku nyingine apite bila wageni, nimwoneshe msalaba wetu uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, kule Zambia, ule ambao chini yake Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, waliuzika moyo wa bwana wao, na nimweleze watu wa kanisa hili ni nani.

Niliporudi ndani Padre alikuwa anazunguka jeneza na chetezo. Moshi ulikwenda juu moja kwa moja kwa vile hapakuwa na feni. Majirani Waislamu wa yule bibi walikuwa wamekaa mabenchi ya pembeni, na wakati wa kutoka ndio waliotangulia kutia mabega chini ya jeneza.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Watu walikwenda makaburini, mimi nikabaki na mabenchi ya kurudisha, mchanga wa viatu, maua yaliyokanyagwa. Miguu ilikuwa imevimba. Nta ya mishumaa ilikuwa imedondoka sakafuni, matone matatu ndani ya lile duara. Nta haikwanguliwi kwa kisu, itakwaruza marumaru. Nilichukua kijiko cha mbao, nikaketi chini kabisa, nikayabandua moja moja.

Umeme ulirudi wakati wa maghribi. Padre akachungulia kutoka sakristia.

"Mama, kesho kuna ubatizo, watoto watatu."

"Nimesikia, Padre."

Nikajaza ndoo, nikaiweka karibu na birika la ubatizo, nikaifunika kwa kitambaa kwa sababu ya ule unga. Kisha nikafunga.