Miezi sita kwa mkupuo

Kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Jana usiku mama mwenye nyumba alinipigia, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza mama anaendeleaje na mguu, kisha akasema, "Mwanangu, safari hii tutaongeza kidogo. Vitu vimepanda." Kidogo chenyewe ni 30,000. Chumba na sebule Tabata, Dar es Salaam, choo cha kuchangia, kutoka 120,000 hadi 150,000 kwa mwezi.

Laki na nusu kwa mwezi ningeimudu. Ingeniuma, lakini ningeimudu. Ila mjini hapa hakuna anayenidai laki na nusu. Ninadaiwa 900,000 kwa mkupuo, kwa sababu kodi ni miezi sita sita, na kuna wenye nyumba wanaotaka mwaka mzima. Mshahara unaingia kwa mwezi, kodi inatoka kwa nusu mwaka. Watu wakiulizana "unalipa shilingi ngapi?" wanatajiana bei ya mwezi, wakati kinachotutesa ni huo mkupuo.

Hela hiyo haitoki kwenye mshahara. Inatoka kwenye mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, ukibahatika kubadilishiwa zamu, au VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, au kwa kaka ambaye naye ana watoto. Ikishindikana huko, watu wanaenda kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Jirani yangu anayeuza chapati alilipia kodi yake hivyo mwaka jana. Mdai alikuwa anakuja kila jioni, anasimama pale kwenye beseni la unga, na dada wa watu anahesabu noti za mauzo ya siku akimpa zote kabla hajanunua hata mafuta ya kesho. Kwenye mkataba wake kodi ni ileile tunayolipa sote. Aliyolipa kweli ni kubwa kuliko yangu, na yeye ndiye mwenye kipato kidogo. Hili linanikera kuliko hata hiyo nyongeza.

Kuna watakaosema, "Basi hama." Kuhama kuna bei yake. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kila chumba anachokuonyesha unamwachia chochote, upende usipende. Wa Kimara aliniambia, "Dada, hicho wapo wawili wanakitaka. Kama uko siriazi tuma hata nusu leo." Chumba chenyewe ukuta umepanda unyevu hadi kiunoni, na kutoka kituo cha mwendokasi unapanda bodaboda kwenda na kurudi. Nauli hiyo nayo ni kodi, tusidanganyane.

Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji aliweza kupeleka malalamiko yake. Ilifutwa 2005. Tangu hapo bei na muda wa kulipa ni makubaliano ya watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye ufunguo. Mzee mmoja hapa mtaani, aliyewahi kupanga nyumba ya serikali chini ya Msajili wa Majumba, hachoki kutusimulia kwamba enzi zile yeye alilipa kwa mwezi.

Simchukii mama mwenye nyumba. Nyumba yake hakujenga kwa mkopo wa benki. Alijenga tofali kwa tofali, na kodi yetu ya Januari ndiyo ada ya wajukuu. Amewahi pia kukimbiwa na mpangaji usiku, na deni juu. Naelewa kwa nini anataka kuishika hela mapema. Lakini hofu yake yote tunaibeba sisi. Hata kodi ya jengo, ambayo ni ya mwenye jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ni sisi wapangaji. Hapa kwetu tunatumia mita moja. Daftari la michango liko kwa binti wa chumba cha mbele, na kila mwezi makato hayo yakitokea tunaanza upya kuulizana nani anayabeba.

Ninachotaka si kikubwa: kodi ilipwe kwa mwezi, au ikizidi sana miezi mitatu, na iwe sheria, isiwe huruma ya mtu. Bunge linaweza kulifanya hilo bila kujenga hata nyumba moja.

Leo asubuhi nimempigia tena. Nimemwomba nilipe miezi mitatu mitatu kwa hiyo bei yake mpya, na tukaandikishane ofisi ya serikali ya mtaa ili awe na amani. Amenyamaza kidogo, akasema, "Ngoja niongee na kaka zako," yaani wanawe, "wao ndio wanaezeka ile nyumba ya Chanika." Atanijibu Jumapili. Zamu yangu ya mchezo ni tarehe 5, na wenzangu wamekataa kubadilishana.