Plasta kwenye Kidole cha Shangazi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kumfundisha mtoto shukrani ni kumkumbusha tu kusema asante. Kila sikukuu, ndugu walipokusanyika na zawadi zikaanza kutolewa, nilisimama nyuma ya binti yangu nikimnong'oneza, "Sema asante, mwanangu," naye alisema, huku macho yake yakiwa tayari kwenye zawadi inayofuata. Sikukuu moja, alipokuwa na umri wa miaka sita, shangazi yake alimletea gauni. Alilitazama mara moja, akasema asante juujuu, akaliacha sakafuni. Shangazi aliliokota, akalikunja taratibu na kuliweka kitini bila kusema neno. Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na plasta, kwa maana gauni lile alilishona kwa mkono, usiku baada ya kazi, kwa muda wa wiki tatu. Mimi niliiona plasta ile, mtoto hakuiona.

Nilitaka kumkaripia, lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyotambua kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha neno bila kumfundisha kutazama.

Baadaye nilisoma kazi za Andrea Hussong, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani, ambaye pamoja na wenzake anaeleza kwamba shukrani ya mtoto ina sehemu nne: kutambua alichopata, kufikiri kwa nini amekipata, kuhisi jambo fulani moyoni, na hatimaye kutenda. Mimi nilikuwa nikirukia sehemu ya nne, kana kwamba zile tatu zingejileta zenyewe.

Tukabadili utaratibu wetu. Siku hizi zawadi hufunguliwa moja baada ya nyingine, wote tukitazama, na aliyeileta huombwa asimulie alivyoipata au alivyoitengeneza. Shughuli huchukua muda mrefu, na wadogo huchoka, lakini naona inafaa. Sikukuu iliyofuata, shangazi aliposimulia jinsi alivyoshona kitambaa cha meza, binti yangu aliuliza, "Shangazi, sindano haikukuchoma?" Shangazi akamwonyesha kidole, naye akakishika na kukipuliza. Hakuna aliyemwambia aseme asante siku ile.

Tumeanzisha pia daftari la familia, linalofunguliwa usiku wa kuamkia sikukuu. Sharti lake ni moja: unayemshukuru umtaje, na ueleze alichokufanyia. Kuandika "nashukuru kwa familia yangu" hakutoshi, kwa kuwa mtoto anaweza kuyaandika maneno hayo bila kumfikiria mtu yeyote. Ukurasa ninaoupenda zaidi una sentensi moja ya mwanangu mdogo: "Kaka alinisubiri nikifunga kamba za viatu."

Jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 2008, Jeffrey Froh, William Sefick na Robert Emmons walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 221 waliokuwa wakiingia umri wa kubalehe. Walioandika kila siku, kwa wiki mbili, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru walionekana kuwa na shukrani zaidi kuliko walioandika kero zao, na pia waliridhika zaidi na shule. Hata hivyo, sishauri mtoto alazimishwe. Mwanangu mkubwa alipofika miaka kumi na mitatu alikataa kuandika, nami nikamwacha akae nasi tu na kusikiliza, kwa sababu shukrani inayotolewa shingo upande humfundisha mtoto kuigiza. Mwaka uliofuata alilichukua daftari mwenyewe.

Lakini ikiwa ningelazimika kubakiza desturi moja tu, ningebakiza ile ya kuwashirikisha watoto katika maandalizi. Mtoto anayeamka na kukuta meza imejaa hudhani meza hujijaza, ilhali aliyemenya, akachota maji na kuosha sufuria anajua kila sahani imepitia mikono ya nani.

Gauni lile halimtoshi tena binti yangu. Mwezi uliopita, nilipokuwa nikichambua nguo za kugawa, alilitoa kwenye rundo, akalikunja vizuri, akaniomba tumpigie shangazi kwanza, tumuulize angependa apewe mtoto gani.