Akiolojia yetu ya shimo la taka

Nafundisha historia hapa Bagamoyo. Kila mwaka kidato cha kwanza wanakariri vyanzo vya historia kama kibwagizo. Ukiwauliza akiolojia ni nini, jibu ni "Zinjanthropus, Olduvai, 1959", basi. Nikasema safari hii watashika mwiko wa kuchimbia.

Kaole, magofu ya kale hapa jirani, tunaiona kwa macho tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni. Mwenzangu wa ofisini akanishauri: "Fukia vitu vya kuvutia, sarafu kuukuu hivi, watoto wachangamke." Na mimi bila akili nikamsikiliza! Nikafukia vigae na sarafu chache nyuma ya bwalo, nikapiga vigingi, nikazungusha kamba mita 1 kwa 1, nikaenda kulala najiona profesa.

Asubuhi nakuta handaki. Kamba zimekatwa, udongo umetapakaa hadi jikoni. Kumbe mtaani ilishavuma kwamba Madam ana ramani ya mali ya Mjerumani. Na mji huu ndio uliokuwa makao ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Uvumi wa namna hiyo hauombi ushahidi. Mzee mmoja jirani akaniita pembeni: "Mwanangu, ukipata usitusahau." Vigae vyangu walivitupa palepale. Sarafu sijaziona mpaka leo.

Ndipo nikapata akili: tuchimbe pasipo na wa kupatamani. Shimo la taka la shule! Glavu, brashi za rangi na mifuko ya karatasi havikufika hata elfu 30. Chekecheke nilimwazima fundi ujenzi. Tukashuka sentimita 10, tunaandika, tunashuka tena. Kitu kikitoka bila kuandikiwa tabaka, sikihesabu, hata kiwe kizuri vipi. Walininunia sana kwa hilo.

Juu tulikuta majivu, vifuniko vya soda, kandambili moja ya kushoto. Tabaka la nne, rambo tele, moja bado ina fundo. Binti mmoja ambaye huwa hafungui mdomo darasani akasema, "Madam, hapa ni kabla ya katazo." Kweli, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mvulana akapinga: labda za juu zilichomwa, si majivu haya? Binti akachekecha majivu yote, akamwonyesha mikono mitupu: "Rambo ikiungua inaacha madonge. Yako wapi?" Mimi nimekaa kwenye ndoo, sina la kuongeza.

Wiki iliyofuata tukaenda Kaole. Mbele ya kaburi la nguzo, pale palipopachikwa mabakuli ya Kichina, walianza kubishana wenyewe: kama bakuli lilitiwa wakati wa kujenga, kaburi haliwezi kulitangulia. Na kama lilitiwa baadaye je? Dereva alipiga honi mara tatu.

Yule mzee nikimpa shikamoo, ananiitikia marahaba huku anautazama mkoba wangu.