Springi laini mbele, hatimaye mistari imelingana

Imekubali jamani! Wiki ya nne nahangaika na hiki kigari cha mbao, jana saa tano usiku mistari miwili ikaenda sambamba, nikapiga kelele hadi nikaamsha nyumba nzima.

Mnaofuatilia mnakumbuka, naiga ile limuzini ya majaribio ya springi ya mhandisi Maurice Olley, aliyeijenga akiwa kampuni ya Cadillac mwaka 1932 baada ya kutoka Rolls-Royce, gari la abiria saba lenye vyuma vizito vya kuhamisha mbele na nyuma, springi nazo zinabadilishwa, watu wanapanda wanazunguka wanashuka wanabadilisha tena siku hiyohiyo mwili ukiwa bado unakumbuka. Kipimo chao kilikuwa abiria. Mimi nina kalamu mbili za felti, nyekundu mbele na buluu nyuma, zinachora kwenye karatasi ya ukutani kigari kikipita juu ya tuta la milimita 6.

Sasa ile mistari ilikuwa inakatana kama mkasi. Pua juu mkia chini, mkia juu pua chini, kila mara! Nikasukuma vyuma hadi mwisho wa ubao, ikapungua kidogo tu. Nikapaka ekseli grisi, nikabadilisha magurudumu, wapi. Karibu nikitupe.

Kumbe nilifunga springi ngumu mbele, nikijua mbele ndiko kunakopigwa kwanza. Ni kinyume kabisa. Mbele ikipanda tuta inaanza kucheza mapema, nyuma inachelewa, kwa hiyo nyuma lazima icheze haraka zaidi ili iiwahi mbele, zikikutana gari zima linapanda na kushuka likiwa limelala sawa. Nilikuwa na springi za printa mbovu, mbele nikaacha mizunguko 10, nyuma nikakata ibaki 7 (ukikata springi inakuwa ngumu), hapo mbele ni laini kwa asilimia 30 hivi, na nyuma iliposhuka nikaipandisha kwa washa tatu (zile pete bapa za bolti). Jaribio la kwanza tu, nyekundu na buluu zikapanda pamoja zikashuka pamoja. Nimeikata ile karatasi nimeibandika juu ya kitanda.

Na ndio unaelewa kwa nini magari ya 1934 ya Cadillac yalikuja na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, maana ekseli moja nzima ukiiwekea springi laini magurudumu yanaanza kutetemeka na usukani haushikiki.

Mnaoniambia nipime mtikisiko kwa programu ya simu, hapana. Simu ni nzito kwa kigari hiki, ukiiweka juu umeshabadilisha gari lenyewe. Kalamu haina uzito na haidanganyi.

Wiki hii nilipanga kufunga shokapu ila zitasubiri, kwa sababu nimekumbuka Rolls-Royce kule Derby, Uingereza, walikuwa na mtambo ambao gari linasimama palepale na matuta ndiyo yanazunguka chini ya magurudumu. Makopo mawili ya maziwa ya unga nimeshayatoboa katikati, mota ya feni ipo, leo jioni nagundisha vijiti vya matuta.